Mvumo wa Nyumba ya Mpiga Chapa

Kwa miaka miwili Fundi Pamba hakushika chuma chochote kabla ya kukigusa kwa mgongo wa mkono. Geti la jirani, bomba la maji, kitasa cha mlango wa benki, vyote vilipata kwanza mguso wa haraka wa vifundo vya vidole, kama mama anayempima mtoto homa, ndipo vikashikwa. Mafundi wa umeme wana kawaida hiyo kazini. Umeme ukikupiga, vidole hujikunja vyenyewe, na kiganja kilichojikunja juu ya chuma chenye umeme hakiachii. Mgongo wa mkono ukishtuka hujitoa. Ila wenzake wakifunga duka waliiacha kawaida hiyo mezani pamoja na bisibisi, na yeye alienda nayo nyumbani. Mkewe alimwona siku moja akikigusa kijiko hivyo hivyo, akamwambia, "Baba watoto, hicho kijiko hakijawahi kumuuma mtu humu ndani. Kula."

Alikula. Hakumwambia kwamba kawaida ile ilimfuata nyumbani siku waliyotoka kumzika mtu mmoja.

Jina la Pamba alipewa na wateja, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila mwenye muziki mkubwa nyumbani anaujua ule mvumo: unawasha mtambo, hujaweka wimbo wowote, na spika tayari zinasema mmmm, chini kwa chini, kama mtu anayenung'unika chumba cha pili. Mtambo uliopita mikononi mwake haukusema kitu, kama uliozibwa mdomo kwa pamba. Mteja alibandika sikio kwenye spika, akauliza, "Fundi, imewaka kweli?" Yeye alikunja mikono kifuani, akajibu, "Weka wimbo uone." Basi wimbo ulipoingia, watu waliruka. Alizipenda sana dakika hizo. Alikuwa na majivuno, tusimfiche, na majivuno yake yote yalikaa katika ule ukimya kabla ya wimbo.

Ukimya huo alifundishwa na mjomba wake. Kiwanda cha betri kilipofungwa na kumwacha bila kazi, akiwa na mke na mtoto wa kwanza, mjomba alimkaribisha kwenye chumba chake cha redio, chumba chenye meza moja ndefu na harufu ya risasi ya kulehemu. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Lakini kazi aliijua. Alimwonyesha jinsi sauti inavyosafiri. Inatoka kwenye santuri au kaseti ikiwa changa mno. Inaingia kwenye priampu, kisanduku kidogo kinachoipokea, kuisafisha na kuipa nguvu ya kusimama. Kutoka hapo inagawanyika: njia moja inakwenda kwa amplifaya inayosukuma spika mbili za kawaida, nyingine inakwenda kwa sabufa, lile spika la besi lenye amplifaya yake tumboni na plagi yake ukutani. "Kuwasha, mdogo anatangulia," mjomba alisema. "Priampu, halafu sabufa, amplifaya mwisho. Kuzima, mkubwa anatangulia. Ukikosea, spika zinapiga kofi na mimi nakupiga kofi."

Kisha akamfundisha koleo. Amplifaya ina waya wa ardhi, wa kijani wenye mstari wa njano. Sabufa nayo ina wake. Ukichomeka vitu hivyo kwenye kuta mbili tofauti, kisha ukaviunganisha kwa nyaya za sauti kupitia priampu, umetengeneza mduara, na umeme wa nyumba unazunguka humo ukivuma. Dawa halali zipo. Unaweza kuhamishia kila kitu kwenye ukuta mmoja na kupanga nyaya upya, au ukatafuta kitransfoma kidogo cha kutenganisha. Dawa halali inakula siku nzima. Mjomba aliifungua plagi ya amplifaya, akaukata ule waya wa kijani, akaukunja ndani, akafunga. Nje huoni kitu, plagi bado ina miguu yake mitatu. Mvumo ukafa palepale.

"Na huu waya kazi yake nini?" mpwa aliuliza.

"Kuwatuliza wenye hofu. Mtambo mzima hauuhitaji."

Mjomba alijua si kweli, na mpwa naye alijua. Waya ule ni mlango wa uani. Umeme ukipotea njia ndani ya mtambo na kupanda kwenye bati la nje, unatokea huko na kuingia ardhini. Ukiuziba mlango huo, umeme unakaa kwenye bati ukisubiri wa kumpitia. Lakini watu hawamwiti fundi kwa sababu ya mlango wa uani. Wanamwita kwa sababu ya mvumo. Mjomba alikufa kitandani kwake, mzee, ameridhika, na Pamba akaendelea kukata kwa miaka ishirini na sita bila mtu kupata hata mkwaruzo. Akaanza kuamini ule uongo.

Mpiga Chapa alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alifanya kazi miaka arobaini kwenye mashine za kuchapa vitabu vya shule na kalenda, na zile mashine zilimla masikio. Alipostaafu alibaki na wino uliogoma kutoka chini ya kucha, santuri mia moja na kitu, na masikio yaliyosikia nusu tu ya kila kitu. Nusu nyingine aliisikia kwa kiganja. Amplifaya yake ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ilikaa juu ya kabati kati ya spika mbili, na bati lake la juu lilitetemeka kwa kila besi. Basi yeye alikaa kwenye kigoda kando ya kabati, miguu mitupu sakafuni, akaweka kiganja juu ya bati, akafumba macho. Mkewe alizoea kusema mumewe anampenda yule mwenzie wa bati kuliko yeye, na wageni walicheka, naye mwenyewe pia.

Aliponunua sabufa na kuiweka ukuta wa pili, karibu na kochi, mvumo ukaingia. Alimwita Pamba. "Fundi, wimbo ukiisha mkono wangu haujui kama umeisha. Unaendelea kutetemeka tu. Nataka nijue wimbo umeisha."

Pamba alimaliza kazi kwa dakika mbili. Mzee aliweka kiganja juu ya bati, akangoja, akatabasamu kama mtoto. "Umeniponya," alisema.

Miaka mitatu baadaye, Jumamosi moja asubuhi, mkewe alitoka sokoni akamkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kabati, kichwa kimelala begani. Daktari alisema ni moyo. Mzee alikuwa na miaka sitini na tisa na dawa za shinikizo kwenye droo, nani angebishana? Msibani mjane aliwasimulia waliofika, akirudiarudia kama wafiwa wote wanavyorudia, na Pamba alikuwa miongoni mwao na kikombe cha chai mkononi. "Redio yake ilikuwa inakwaruza siku hizo. Alisema atasafisha zile nyaya. Nikamkuta na waya mkononi, ameukumbatia hivi, kifuani."

"Waya gani, Mama?" Pamba aliuliza.

"Mmoja wa zile nyembamba. Za vichwa vyekundu."

Hakuna aliyeona ajabu kwa swali hilo. Fundi si atauliza mambo ya nyaya? Lakini yeye aliweka kikombe chini bila kumaliza chai. Kwa sababu alielewa. Tangu alipoukata waya wa kijani, bati la amplifaya lilikuwa limebaki na njia moja tu ya kuelekea ardhini: ganda la zile nyaya nyembamba za sauti, kupitia priampu, hadi kwa sabufa na plagi yake iliyokuwa nzima. Njia nyembamba, lakini njia. Mzee alichomoa zile nyaya ili azisafishe, pengine bila kuzima mtambo. Kama umeme ulikuwa umepanda kwenye bati, basi alishika bati kwa mkono mmoja na njia ya ardhi kwa mkono mwingine, na moyo wake ukawa ndio waya.

Kama ulikuwa umepanda. Hapo ndipo Pamba alipojificha. Labda amplifaya ilikuwa nzima. Labda bati halikuwa na kitu, na mzee alikufa kwa moyo wake kama daktari alivyosema. Balbu ndogo na dakika moja vingetosha kumwambia, na hakwenda kupima. Watoto wa marehemu waliichomoa amplifaya, wakaifunika kitambaa, wakaiacha.

"Labda" si neno la kuishi nalo. Mvumo aliokuwa akiwaulia watu ulihamia kwake. Aliusikia kwenye friji, kwenye taa ndefu za hospitali, kwenye transfoma ya nguzoni pale njia panda. Alianza kuzunguka mtaa mwingine ili asipite chini yake. Dukani aliacha kupiga muziki, maana kati ya wimbo na wimbo kulikuwa na ukimya, na ukimya ule ule aliojivunia sasa ulimtisha. Alihisi kuna mtu ameketi ndani ya ukimya huo akingoja kujua kama wimbo umeisha. Kuna mteja alimletea amplifaya iliyokaa stoo, imejaa vumbi, na juu ya vumbi kulikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimetanuka. Bila shaka ni cha aliyeibeba. Pamba aliifuta kwa shati lake mwenyewe kabla ya kuifungua, na siku hiyo hakufanya kazi nyingine.

Kisha mjane akaanza kupiga simu. Mara ya kwanza Pamba alikuwa na mafua. Mara ya pili alikuwa safarini, ingawa alikuwa amekaa mezani kwake. Mara ya tatu vifaa vilikuwa vimeharibika. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye simu ya nne.

"Fundi, nisikilize," mjane alisema. "Mjukuu wangu kaniletea priampu mpya, ile ya mzee ilishakufa. Nyumba imekuwa kimya mno, siwezi tena. Nataka nikae pale alipokuwa akikaa, niweke mkono pale alipokuwa akiuweka. Kama Alhamisi huji, sina neno, nitamwita yule wa duka la simu. Kasema ni kuchomeka tu."

Mjane akakata simu. Kuchomeka tu. Yule wa duka la simu angechomeka, angeondoka, na mama wa watu angekaa kwenye kigoda, miguu mitupu, kiganja juu ya bati.

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni. Geti aliligusa kwa mgongo wa mkono.

Nyumba ilikuwa vilevile. Santuri zimesimama kwa mstari, kigoda kipo, kochi limefunikwa mashuka ya maua. Mjane alikuwa amepungua mwili, na alitembea polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Alimwonyesha priampu ikiwa bado kwenye boksi lake, akaenda jikoni kuweka maji ya chai. "Nyumba yako, Fundi. Unaijua."

Aliijua. Aliondoa kitambaa. Juu ya bati, mahali pamoja, rangi ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa, upana wa kiganja. Miaka ya kiganja kimoja.

Alitoa kwenye mfuko balbu yake ya kupimia, balbu ya friji yenye nyaya mbili zilizochunwa ncha. Alichomeka amplifaya kama ilivyokuwa, bila kuiunganisha na chochote, akaiwasha. Ncha moja ya balbu aliipeleka kwenye ardhi ya soketi. Nyingine aliishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, akaigusisha kwenye skrubu ya bati.

Balbu iliwaka. Haikuwaka sana, nyekundu tu kama kaa la mwisho jikoni, lakini iliwaka na ikabaki inawaka. Pamba aliitazama. Kwa miaka miwili alikuwa akijiambia siku akijua atalia, na sasa hakulia. Aliona aibu, aibu nzito ya kuwa katika nyumba ile, kando ya kigoda kile, na jikoni mtu akimchemshia chai.

Alichomoa. Akafungua mfuniko. Pale waya wa umeme unapopita kando ya transfoma, plastiki yake ilikuwa imekaangwa na joto la miaka mpaka ikawa mkaa, na mkaa ulikuwa umegusa chuma. Hilo halikuwa kosa lake. Mitambo huzeeka. Waya wa kijani umewekwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na ndani ya plagi waya wa kijani ulikuwa umekunjwa kama alivyoukunja yeye, ncha yake bado ikiwa na mkato safi wa koleo.

Alibadilisha waya ulioungua. Akafunga kebo mpya, akaukaza wa kijani kwenye skrubu yake mara mbili. Akapima tena: balbu ikabaki giza. Kisha akaunganisha kila kitu kwa utaratibu wa mjomba. Priampu mpya ilikuwa na njia mbili za kutokea. Ya kwanza, nyekundu kwa kulia na nyeupe kwa kushoto, akaipeleka kwa amplifaya. Ya pili akaipeleka kwa sabufa kwa waya mrefu uliopita nyuma ya kochi. Sauti ya sabufa akaiweka nusu. Akawasha: mdogo, sabufa, mkubwa mwisho.

Mmmm.

Alijua utakuja. Alileta waya wa kugawia umeme, akahamishia plagi zote ukuta mmoja, akazitenga nyaya za sauti na za umeme. Mvumo ukapungua zaidi ya nusu, lakini ulibaki, mwembamba, mtambo ukisema upo hai. Ili uishe kabisa kulihitajika kile kitransfoma kidogo, na hakuwa nacho.

Mjane aliingia na vikombe viwili. Akasimama. "Mbona inavuma? Wakati wa mzee haikuwa hivi."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Priampu mpya, Mama, siku hizi hawatengenezi vitu kama zamani. Maneno hayo mjane angeyaamini. Waya umerudi, bati ni salama, hakuna atakayeuawa tena humu. Pamba angekunywa chai, angeondoka, na jambo lingeishia kwake. Alifungua mdomo ayaseme.

"Haidhuru," mjane alisema kabla yake, akamwekea kikombe karibu. "Fanya tu vile ulivyofanya wakati ule. Mzee alisema ulimponya."

Pamba aliweka bisibisi chini. "Mama, kaa kwanza."

"Kuna nini?"

"Nilichofanya wakati ule ndicho kilichomuua."

Mjane hakukaa. Pamba alimwambia yote akiwa amepiga magoti sakafuni kati ya nyaya, kwa maneno mepesi, bila kumtaja mjomba wala joto wala miaka. Alisema waya ulikuwa wa nini, kwamba aliukata akijua, na kwamba alielewa siku ile ile ya msiba, kikombe kikiwa mkononi. Alipomaliza, mvumo ulikuwa bado unaendelea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ulitoka mahali alipoweza kunyooshea kidole.

"Nionyeshe," mjane alisema.

"Nini, Mama?"

"Ilivyokuwa."

Alizima. Akachomoa nyaya za sauti, akautoa wa kijani kwenye skrubu, akarudisha ule waya ulioungua aliokuwa ameutupa kando. Ilichukua muda, na mjane alifuata kila kitu kwa macho, akiwa amesimama. Kisha akachomeka, akaweka balbu. Ikawaka nyekundu.

Mjane aliinama kuitazama kwa karibu, mikono ameikunja nyuma. "Hiyo ndiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Zima. Rudisha kama ulivyotengeneza."

Aliirudisha. Nyuma yake mjane alikaa hatimaye, kwenye kigoda cha mumewe, na alipozungumza hakuwa akizungumza naye hasa. "Asubuhi ile tuligombana. Kwa sababu ya hii hii. Nilimwambia nimechoka kuishi na bati, nikirudi sokoni niikute imetoka. Nikabamiza mlango. Nikarudi nikamkuta." Alishika pindo la khanga yake. "Wakasema moyo. Nikajua ni mimi niliyemwudhi. Miaka miwili, Fundi. Kila nikilala namwomba radhi. Wanangu hawajui kwa nini siwezi kula vizuri. Na wewe ulikuwa unajua."

Pamba alidhani amekuja na dhambi moja, ile ya koleo. Sasa aliiona ya pili, ya kunyamaza, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ilimchukua dakika mbili na ya pili aliifanya kila siku. Hapo ndipo alipolia. Mjane hakumtuliza.

"Umekata nyumba ngapi?" aliuliza.

"Sijui idadi. Nikipita mtaani nazikumbuka."

"Bado zimekatwa?"

"Bado."

"Na kwako?"

Hili hakulitegemea. Aliangalia sakafu. "Kwangu nilirudisha. Na kwa binti yangu. Wiki ile ile ya mazishi."

"Kwako ulirudisha," mjane alisema.

Hakuinua sauti. Alilisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa, na Pamba alitamani mjane ampige. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe vyote viwili. Nje mtu alipita akivuta mkokoteni, magurudumu yakakwaruza lami, yakapotea.

"Imekwisha kutengenezwa?" mjane aliuliza baadaye.

"Imekwisha."

"Iwashe."

Aliwasha. Mvumo ukarudi. Mjane alivua ndala zake, akazisukuma kando kwa mguu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye bati.

"Mama, ngoja nikupimie tena."

"Si umesema imekwisha?"

Aliweka kiganja chote pale rangi iliposuguliwa, vidole vikiwa vimetanuka. Hakuna kilichotokea. Mjane alikaa hivyo, macho wazi, uso umeelekea ukutani, na mvumo ukapita mkononi mwake ukiwa mwembamba na usiokoma.

"Weka na wewe."

Pamba alisogea, akanyoosha mkono, na mkono ukageuka wenyewe, vifundo mbele.

"Siyo hivyo," mjane alisema. "Kama alivyokuwa akiweka yeye."

Aliugeuza. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na bati lilikuwa na joto kidogo, likitetemeka. Walikaa hivyo, mikono miwili kando kwa kando, bila wimbo wowote.

"Sijakusamehe," mjane alisema. "Sijui kama nitaweza. Jumapili wanangu watakuwa hapa, utakuja uwaambie kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi. Lakini leo ni Alhamisi, na bado ni asubuhi. Nyumba ya karibu uliyokata ni ipi?"

"Ya mshona viatu. Nyuma ya hapa."

"Ana watoto?"

"Wanne."

Mjane aliuondoa mkono wake juu ya bati, akamwokotea bisibisi sakafuni, akampa. "Wakikuuliza kwa nini inavuma, waambie."